Bei ya Shimo Ijulikane Kabla ya Jembe

Kati ya Agosti na katikati ya Oktoba, Ukambani huchimbwa kila upande. Mvua za Machi hadi Mei zimekwisha, barabara za vumbi zinapitika, lori la mawe linafika hadi mlangoni, na kila mwenye mpango wa kujenga anataka msingi uwe umetoka ardhini kabla ya mvua kubwa za Novemba. Katika miji ya Wote, Kitui, Mwingi, Kibwezi na Emali, na vijijini katikati, utakuta mitaro ya msingi, mashimo ya vyoo, matangi ya septiki, matangi ya maji ya ardhini na mifereji ya mabomba. Ndani yake kuna vijana wenye sururu na beleshi ambao, kwa kawaida, hawana ngazi, hawana mbao za kuzuia udongo, wala hawana mtu wa kuwaangalia kutoka juu.

Makala haya ni ya mwenye ploti. Fundi na mchimbaji watafaidika wakiyasoma, lakini mwenye pesa ndiye anayeamua upana wa shimo, siku za kazi na vifaa vitakavyokuwepo, hata kama hajui kwamba anaamua. Usalama wa anayeingia shimoni hupangwa siku mnapokaa chini kuelewana bei.

Angalia jinsi choo cha shimo kinavyolipwa. Bei huwa ni kwa futi ya kina. Mchimbaji akipunguza upana, anatoa udongo kidogo na anafika chini haraka, kwa hiyo anapata pesa ileile kwa jasho pungufu. Bei yenyewe inamsukuma achimbe shimo jembamba lenye kuta zilizosimama wima, na likifika futi 15 au 20 yuko mahali ambapo udongo ukiachia hana pa kukimbilia. Hakuna aliyemwambia ahatarishe maisha. Mapatano ndiyo yaliyomwambia.

Kwa hiyo badilisha mapatano. Lipa kwa ujazo wa udongo unaotolewa au kwa siku, na uandike kando gharama ya mbao, ngazi na mtu wa pili atakayekaa juu. Mkikubaliana kwa futi, taja upana wa juu na wa chini, na useme wazi kwamba futi za kupanua mdomo wa shimo zinalipwa. Mchimbaji hataona hasara kuchonga vidato iwapo vidato navyo vina bei.

Kisha jiulize kama unahitaji kina hicho hata kidogo. Watu wa kwetu hupenda choo kirefu kwa kuamini kitadumu maisha. Hesabu inasema vingine. Wahandisi wa maji taka hukadiria kuwa kila mtu hujaza kati ya mita za ujazo 0.04 na 0.06 kwa mwaka katika shimo la choo. Familia ya watu sita, kwa kiwango cha 0.05, hujaza 0.3 kwa mwaka. Shimo la mita moja kwa mita moja lenye kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu, linabaki na mita za ujazo 2.5, na hiyo ni miaka minane. Mashimo mawili ya aina hiyo yanayotumiwa kwa zamu yanakutosha wewe na wanao, kwa sababu lile lililofungwa hukauka na linaweza kufukuliwa. Hali ni hiyohiyo kwa septiki: tangi pana lenye kina kifupi linafanya kazi sawa na tangi refu jembamba, na fundi anayejenga kuta zake anafanya kazi huku kichwa chake kikiwa karibu na hewa. Shimo lililo salama kuliko yote ni lile usilolazimika kulichimba kwa kina.

Ukishaamua kina, isome ardhi yako. Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni imekalia miamba ya kale iliyopikwa na joto na mgandamizo, na juu yake pamekaa udongo mwekundu wenye mchanga. Udongo huu ndio unaodanganya watu. Wakati wa kiangazi unakatika kama matofali, ukuta unasimama wima siku tatu, wiki, hata mwezi, na kila anayepita anasema ardhi ya hapa ni ngumu. Ugumu huo unatokana na unyevu mdogo uliobaki kati ya chembe na madini ya chuma yanayozigundisha. Maji yakiingia, mshiko unaachia. Upepo na jua vikikausha uso wa ukuta kupita kiasi, mchanga unaanza kuchuruzika, na vipande vinafuata. Ukuta uliosimama jana haujatoa ahadi yoyote kuhusu leo.

Nyanda zenye udongo mweusi wa mfinyanzi zina hatari yake. Udongo huo ukikauka hupasuka nyufa ndefu zinazoshuka chini sana. Ukichimba mtaro sambamba na ufa, umekwisha kukata kipande kizima bila kujua, na kinaweza kuanguka kwa mkupuo. Ukilowa, huvimba na kusukuma. Kando ya mito ya msimu kama Tiva, Kaiti na Kikuu, mchanga hausimami kabisa, na maji yanaweza kuwa futi chache tu chini hata Septemba. Kwenye vilima utakuta mwamba uliooza, wenye tabaka za ulalo na madini yanayong'aa kati yake. Tabaka zikiinamia kuelekea kwenye shimo, jiwe lenye ukubwa wa meza huteleza kwa ghafla, na upande wa pili wa shimo hilohilo unaweza kuwa imara. Fundi aangalie mwelekeo wa tabaka kabla hajasema mwamba hauna shida.

Namna rahisi ya kupima ni kuchukua bonge jipya kutoka chini ya shimo na kulibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikiingia bila nguvu, au bonge likipukutika, huo ni udongo dhaifu, uutendee kama mchanga. Kidole kikiacha alama tu kwa kukaza sana, una udongo mgumu. Kama kuta zina tabaka mbalimbali, fuata ile dhaifu kuliko zote. Na ardhi iliyowahi kuchimbwa, iwe ni shimo la zamani la choo, mtaro wa bomba au kingo za matuta ya shamba, ihesabu kuwa dhaifu hata kama imeota nyasi miaka ishirini.

Uzito ndio usioonekana. Mita moja ya ujazo wa udongo ina kati ya tani 1.5 na 2, yaani inazidi Probox tupu. Anayefukiwa hadi kifuani anaweza kukosa pumzi huku kichwa chake kiko nje na anazungumza na wenzake, kwa sababu kila akitoa pumzi udongo unajaza nafasi na kifua hakiwezi kupanuka tena. Dakika chache zinatosha. Ndiyo maana siafiki usemi kwamba mtaro wa futi 5 ni mfupi. Aliyeinama kuunganisha bomba ndani ya mtaro huo, kichwa chake kiko chini kabisa ya ukingo.

Kanuni ninayokusihi uishike ni hii: kupita futi 4, sawa na mita 1.2, mtu asiingie mpaka kuta zimelazwa, zimechongwa vidato au zimeshikiliwa kwa mbao. Marekani sheria inalazimisha kinga kuanzia futi 5, isipokuwa kwenye mwamba mzima, na hata chini ya hapo kama dalili za kuporomoka zipo. Kwa udongo wetu wenye mchanga, na kwa kuwa mara nyingi hakuna mtaalamu wa kuutazama, futi 4 ni mpaka wa busara.

Kulaza kuta kunahitaji nafasi, na hapa ndipo wengi hushangaa. Katika udongo mgumu, kwa kila mita ya kina rudi nyuma sentimita 75 kila upande. Katika udongo wa kati, usio mgumu wala dhaifu, rudi mita moja kwa mita moja. Katika mchanga au ardhi iliyojazwa, rudi mita moja na nusu. Chukua mtaro wa mita 2 wenye upana wa sentimita 60 chini. Kwa udongo wa kati mdomo wake utakuwa mita 4.6, na udongo wa kutoa utazidi mara nne ule wa mtaro uliosimama wima. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 ambayo tayari ina nyumba ya jirani ukingoni, haiwezekani. Hapo mbao ndizo zenye bei nafuu.

Kushikilia kwa mbao ni kazi ya zamani na inajulikana: mbao nene zilizosimama kando ya kila ukuta, nguzo za ulalo zinazozifunga pamoja, na vipande vya kukingama vinavyosukuma ukuta huu dhidi ya ule, vikikazwa kwa kabari. Nguzo za mikalatusi zinapatikana kila soko la mbao. Zikague zisiwe na nyufa wala kuliwa na mchwa, maana Ukambani mchwa haulizi. Mbao hufungwa kuanzia juu kushuka, ili anayefunga awe daima chini ya sehemu iliyokwisha kushikiliwa, na huondolewa kuanzia chini kupanda juu huku mtaro ukijazwa. Aliyezoea kuzing'oa zote kwa pamoja jioni ili awahi kuzirudisha alikoazima amefanya kazi nzuri mchana kutwa na kuiharibu saa ya mwisho. Ukipita futi 5 tafuta mhandisi akupangie unene na nafasi za mbao. Kupita mita 6, hata kule Marekani ni lazima mhandisi aliyesajiliwa achore kinga.

Kwa shimo la duara, la kisima au choo katika mchanga, njia bora ni ringi za zege. Ringi inawekwa juu, mchimbaji anachimba akiwa ndani yake, inashuka kwa uzito wake, na nyingine inaongezwa juu. Wachimba visima wanaijua. Ninashangaa kwa nini tunaikubali kwa maji na kuikataa kwa choo, ilhali anayeingia ni binadamu yuleyule.

Sasa udongo uliotolewa. Mkamba amekua akijenga matuta ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu wa mteremko na kujengwa ukingo palepale. Kwa shamba ni elimu kubwa, na vikundi vya kazi ya pamoja, mwethya, vimeokoa vilima vyetu kwa elimu hiyo. Kwenye mtaro wa ujenzi mazoea hayo yanaua. Lundo lililo ukingoni linasukuma ukuta na kurudisha mawe juu ya kichwa cha mchimbaji. Liwe angalau futi 2 kutoka ukingoni, na mimi ningependa umbali ulingane na kina cha shimo kama nafasi ipo. Lori, tingatinga, mashine ya kuchanganya zege na rundo la matofali vikae mbali zaidi. Lori la mawe linalorudi kinyumenyume kuelekea mtaro wenye watu lisiruhusiwe kabisa, watoke kwanza.

Ngazi iwepo kila mara shimo linapofika futi 4, iwe karibu kiasi kwamba aliye ndani haendi zaidi ya mita 7 kuifikia, na ichomoze mita moja juu ya ukingo ili apate pa kushika. Kamba na ndoo ni za udongo, zisitumike kumshusha wala kumpandisha mtu. Fundi akague kuta kila asubuhi kabla mtu hajaingia, na tena baada ya mvua. Atafute ufa ulio sambamba na ukingo, ukuta uliotoa tumbo, vijiwe vinavyodondoka bila kuguswa, maji yanayotoka chini. Akiona kimojawapo, watu watoke, wasiambiwe wamalizie kidogo kilichobaki. Mvua ya kwanza ya Oktoba ikinyesha usiku juu ya mtaro uliokaa wazi, siku inayofuata ni ya kukagua na kuondoa udongo ulioanguka kutokea juu. Kazi ya ndani itasubiri.

Kwa mashimo marefu kuna adui mwingine asiyeonekana. Usishushe jenereta wala pampu ya petroli kisimani ili kutoa maji. Moshi wake una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, na hulala ndani ya shimo baada ya mashine kuzimwa. Mashimo ya zamani ya vyoo na visima vilivyofunikwa vinaweza kuwa na hewa iliyokosa oksijeni. Mshumaa unaowaka haukuhakikishii chochote kuhusu kaboni monoksidi. Pampu ikae juu na mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi nje, na mchimbaji avae mkanda wenye kamba inayoshikwa na watu wenye nguvu za kumvuta bila wao kuingia.

Wanaojenga Kilungu, Mbooni na miteremko ya Nzaui wana hesabu nyingine. Huko nyumba hukaa kwenye kidato kilichokatwa kilimani, na udongo uliokatwa nyuma humwagwa mbele kupanua uwanja. Nyumba ikikaa nusu kwenye ardhi asilia na nusu kwenye udongo wa kumwagwa, itapasuka katikati, kwa kuwa nusu moja inashuka na nyingine haishuki. Msingi wote ukae kwenye ardhi asilia, hata kama ni kupunguza chumba. Ukuta wa udongo ulio nyuma usiachwe wima. Ulaze au uuvunje kuwa vidato viwili, na nyumba iwe mbali nao angalau sawa na kimo cha ukuta huo. Jiko na chumba cha watoto visipangwe upande huo. Ukijenga ukuta wa mawe wa kushikilia udongo, weka matundu ya kutolea maji kila mita moja au mbili na kokoto nyuma yake. Kuta nyingi za namna hiyo huangushwa na maji yaliyofungiwa nyuma yake. Na kabla ya yote, chimba mtaro wa kukinga maji juu ya mteremko, uyapeleke pembeni kwenye nyasi au mwamba, yasimwagikie shamba la jirani. Mvua za mwishoni mwa 2023 na za Machi hadi Mei 2024 zilionyesha nchi nzima kile maji yanachofanya yakikosa njia.

Mabomba na nyaya sasa. Mtaro wa bomba la maji nyumbani hauhitaji kina kikubwa: sentimita 60 zinatosha, 90 chini ya njia ya gari, na tabaka la mchanga laini juu na chini ya bomba. Bomba la maji taka la inchi 4 lishuke kiasi cha sentimita 2.5 kwa kila mita. Hatari ya mtaro wa bomba ni kule unakopita. Ukichimba sambamba na msingi wa nyumba, usishuke chini ya msingi huo ukiwa karibu. Kwa kila futi unayoshuka chini ya usawa wake, kaa futi moja mbali nao. Pasipo nafasi, chimba vipande vifupi, jaza na kushindilia kimoja kabla ya kufungua kingine. Nguzo ya umeme nayo isichimbwe pembeni bila Kenya Power kuarifiwa.

Kabla ya kukata ardhi, uliza kilichozikwa. Vijijini kwetu mabomba mengi ni ya miradi ya jamii, yamezikwa kina kifupi, hayana ramani, na anayejua yanakopita ni mzee wa kamati ya maji. Mtafute, tembeeni naye, pigilieni vigingi. Mijini nenda kwa kampuni ya maji ya eneo lako. Kando ya barabara kuna nyaya za intaneti, na eneo la hifadhi ya barabara halichimbwi bila kibali. Ukikaribia mahali palipowekwa alama, weka sururu na mtaimbo chini, ufukue polepole kwa beleshi.

Wa Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud wana jirani mkubwa zaidi: bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi. Mei 2015 mafuta yalivuja Thange, Kibwezi, na kuharibu mto na visima vya watu. Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja mtaani Sinai, Nairobi, iliwaka na kuua watu zaidi ya 100. Ajali hizo mbili hazikutokana na jembe la mjenzi, lakini zinaonyesha kilichomo ndani ya bomba. Ukiona nguzo za alama za Kenya Pipeline karibu na ploti yako, usichimbe hata shimo la mche kabla ya kuzungumza nao.

Mtaro ukishakuwa na bomba, piga picha na kupima umbali kutoka pembe mbili za nyumba kabla ya kufukia. Hifadhi picha hiyo pamoja na hati ya ploti.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Mradi wa ujenzi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na michoro hupitishwa na kaunti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kifo kazini kwa afisa wa usalama na afya wa eneo ndani ya saa 24. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inampa aliyeumia haki ya fidia. Kibarua wa siku moja ni mfanyakazi.

Jioni zungushia shimo kamba na matawi ya miiba, au ulifunike kwa mbao zilizopigiliwa. Novemba mashimo yaliyoachwa wazi hujaa maji, na watoto na ng'ombe hawajui kina chake. Mashimo ya murram na mchanga nayo yana hatari hiyo. Usinunue mchanga wa mahali ambapo vijana wanachimba chini ya ukingo wa mto ili sehemu ya juu iporomoke yenyewe. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 kulinda mito, na mito hiyo ikilindwa, kingo zake zinaacha kuwafukia wachimbaji.

Udongo ukimfukia mtu, mara nyingi wa pili kufa ni aliyeruka kumwokoa. Wazuieni watu. Ondoeni wengine ukingoni, zimeni mashine, pigeni simu 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199. Shikilieni kuta zilizobaki kwa mbao au milango, kisha anayeingia aingie na kamba kiunoni. Fungueni uso na kifua kwanza, kwa mikono na sahani, bila jembe na bila tingatinga. Msimvute kwa mikono akiwa bado amebanwa miguu.

Tafadhali, chukua karatasi ya makadirio yako kabla ya Jumatatu ya kwanza ya kazi, uitazame sehemu ya uchimbaji. Kama haina mstari wa mbao, wa ngazi na wa mtu wa kukaa juu, usianze. Iongeze kwanza, hata ikibidi nyumba ichelewe hadi baada ya mvua.